Ajali za Barabarani: Litangulie Lipi, Umbo la Barabara au Mkono wa Sheria?

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Usemi huo hutajwa katika kila msiba unaotokea barabarani, na kwa mfiwa ni maneno ya faraja ambayo hapana mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini usemi huohuo ukitamkwa na mwenye dhamana ya barabara, au na mwenye dhamana ya sheria, hugeuka kuwa udhuru. Mtoto akigongwa pale pale walipogongwa wengine wawili kabla yake, tukio hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya. Ni matokeo ya jambo lililojulikana na likaachwa.

Ziko nchi zilizoipata kinga ya ajali kwa sehemu kubwa. Linalobishaniwa ni njia iliyoifikisha kinga hiyo. Wako wanaosema kwamba dawa ni sheria: askari wawe wengi, faini ziwe kali, na leseni zinyang'anywe. Wako wanaosema kwamba dawa ni barabara yenyewe: ijengwe kwa namna ambayo dereva hawezi kwenda mbio hata akitaka, na akikosea kosa lake lisiue. Mazungumzo haya yanakusudia kuzipima hoja hizo mbili kwa mambo yaliyokwisha jaribiwa, kisha kuonesha lipi linalofaa kutangulia katika Visiwa hivi, ambamo fedha ni chache na kila shilingi hapana budi ichaguliwe mahali pake.

UKUBWA WA JAMBO LENYEWE

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya gari za dunia. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hapana maradhi yanayoua zaidi ya ajali hizo. Aidha, zaidi ya nusu ya waliokufa hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wakienda kwa miguu, au wamepanda baiskeli au pikipiki.

Jambo hili la mwisho ndilo la kuzingatiwa sana na watu wa visiwani. Barabara za Unguja na Pemba hazipiti jangwani. Zinapita katikati ya vijiji, mbele ya skuli, misikiti, vituo vya afya na masoko. Juu ya lami hiyohiyo hupita gari ya abiria, lori la mchanga, gari la ng'ombe, bodaboda, baiskeli yenye mzigo wa nazi, na mtoto anayerudi skuli. Kwa hiyo, usalama wa dereva na usalama wa asiyekuwa na gari haviwezi kutenganishwa.

Kinachoamua nani afe na nani apone katika mgongano ni mwendo. Gari iendayo kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kila sekunde. Iendayo kilomita 30 hukata mita 8 na kidogo. Katika sekunde ile moja ambayo dereva huona mtoto na mguu wake haujafika kwenye breki, tofauti hiyo ndiyo uhai au mauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima agongwaye na gari iendayo kilomita 50 kwa saa yumo katika hatari ya kufa isiyofika asilimia 20, lakini kwa kilomita 80 hatari hiyo hukaribia asilimia 60. Tena, kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Basi swali la sheria na barabara, kwa kiasi kikubwa, ni swali la nani awezaye kuushika mwendo.

HOJA YA SHERIA

Haitakuwa haki kuidharau sheria. Mwezi wa Oktoba 2004, Polisi ya Uganda ilipeleka doria maalumu katika barabara kuu nne ziingiazo Kampala. Nguvu iliyotumika haikuwa kubwa: gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 72,000 za Marekani kwa mwaka. Watafiti walioyachunguza matokeo hayo, na kuyachapisha mwaka 2008, walikuta kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 17. Gharama ya kila uhai uliookolewa ilikuwa kama dola 603. Ni kazi chache za Serikali ziwezazo kujisifu kwa bei ndogo kama hiyo.

Ufaransa nayo ilianza kutumia kamera za kupimia mwendo mwezi wa Oktoba 2003. Mwaka 2002 waliokufa barabarani katika nchi hiyo walikuwa zaidi ya 7,000. Mwaka 2006 walikuwa chini ya 5,000. Kamera hazikuwa sababu pekee, lakini zilikuwa nguzo ya mabadiliko hayo, kwa kuwa hazikuchoka, hazikuwa na jamaa, wala hazikujua cheo cha mtu.

Kadhalika, yako mambo ambayo barabara haiwezi kuyafanya hata ijengwe kwa dhahabu. Barabara haiwezi kumfunga mtu mkanda. Nchini Uingereza, mikanda ilikuwemo ndani ya gari kwa miaka mingi na Serikali ikahimiza ivaliwe, lakini waliovaa walikuwa kama wanne katika kila kumi. Kuanzia tarehe 31 Januari 1983 sheria ilipowalazimisha wakaao viti vya mbele, waliovaa walizidi tisa katika kila kumi. Barabara haiwezi kumvua dereva ulevi, wala kumvisha mpanda pikipiki kofia ngumu, ambayo uchunguzi wa tafiti nyingi umeonesha kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42. Barabara haijui kwamba gari ya abiria imepakia watu kupita kiasi, au kwamba breki zake zimekufa. Hayo yote ni kazi ya sheria.

UPUNGUFU WA SHERIA IKIACHWA PEKE YAKE

Hata hivyo, sheria ina upungufu wake wa asili. Kwanza, inafanya kazi pale tu ambapo jicho lipo. Paka akiondoka panya hutawala. Madereva hupeana ishara za taa kwamba mbele yupo askari, wakapunguza mwendo kwa masafa ya mita mia chache, kisha wakaufidia mbele ya safari. Askari hawezi kusimama katika kila kona mchana na usiku, wala Serikali haiwezi kumlipa kwa kazi hiyo.

Pili, sheria humwadhibu mtu baada ya kosa. Faini haimrudishi aliyekufa.

Tatu, na hili halisemwi mara nyingi, dereva huisoma barabara kabla ya kukisoma kibao. Barabara ikiwa pana, imenyooka na lami yake ni laini kama meza, inamwambia aende kilomita 80. Kibao kidogo kilichoinama pembeni kinamwambia aende 30. Wengi huitii barabara. Ndipo sheria inapojikuta inapigana na kazi ya mkono wa Serikali yenyewe. Matokeo yake ni kwamba karibu kila dereva huwa mkosaji kila siku, na askari humkamata amtakaye kati yao. Hali hiyo ndiyo huzaa manung'uniko ya uonevu, na ndiyo hufungua mlango wa kumalizana pembeni mwa njia. Barabara iliyopangwa vibaya, kwa hiyo, huharibu usalama na heshima ya sheria kwa pamoja.

HOJA YA UMBO LA BARABARA

Njia panda ya Suhum nchini Ghana, katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, ilikuwa mashuhuri kwa ajali. Mwaka 2000 yaliwekwa pale matuta madogo madogo yaliyopangwa mfululizo, ambayo huitikisa gari na kumzindua dereva. Hapana sheria mpya iliyotungwa, wala askari hawakuongezwa. Ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Matuta hayo hayakulala usiku.

Sweden ilikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Oktoba 1997 Bunge lake lilikubali msimamo kwamba haifai mtu yeyote kufa au kulemazwa barabarani, na kwamba anayepanga njia ana dhima pamoja na anayeitumia. Wahandisi walianza na ukweli kwamba binadamu hukosea: husinzia, huangalia pembeni, hukadiria vibaya. Barabara nyingi za nchi hiyo zilikuwa na upana wa mita 13, na madereva waliutumia upana huo kupitana, wakakutana uso kwa uso. Mwaka 1998, katika barabara kuu ya E4 kaskazini ya mji wa Gävle, upana huohuo uligawiwa upya: njia mbili upande mmoja, moja upande wa pili, zikibadilishana kila baada ya kilomita chache, na katikati ukawekwa uzio wa nyaya za chuma. Wako walioulalamikia uzio huo. Lakini katika barabara zilizotengenezwa hivyo vifo vilipungua kwa takriban asilimia 80. Madereva walikuwa walewale na makosa yao yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba aliyesinzia aligonga waya badala ya kugonga familia ya mtu. Nchi nzima, waliokufa mwaka 1997 walikuwa 541, na mwaka 2019 walikuwa 221.

Mfano mwingine ni mzunguko wa barabara, ambao wengi huuita kipilefti. Katika njia panda ya kawaida yenye barabara nne, ziko nukta 32 ambamo gari mbili zaweza kugongana. Katika kipilefti cha njia moja ziko 8. Aidha, umbo lake humlazimisha kila dereva apunguze mwendo, na wakigongana hugongana kwa ubavu na polepole. Uchunguzi wa njia panda 24 za Marekani zilizogeuzwa kuwa vipilefti ulionesha kwamba ajali zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 76, na zile za kuua au kulemaza zilikadiriwa kupungua kwa kiasi cha asilimia 90.

Wala haisemwi kwamba hayo ni ya nchi tajiri peke yake. Ng'ambo ya mkondo tu, mjini Dar es Salaam, shirika la Amend lilitengeneza maeneo ya skuli za msingi kwa kazi ndogo ndogo: njia za miguu, matuta, vivuko, alama, na pengine kulihamisha lango la skuli lisielekee barabara kuu. Utafiti uliolinganisha skuli hizo na nyengine ambazo hazijatengenezwa, na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26.

Lakini umbo la barabara nalo lina masharti. Tuta lililojengwa kwa kukisia, lenye kimo cha kuvunja gari, lisilopakwa rangi wala kutanguliwa na alama, ni mtego kwa mpanda pikipiki wakati wa usiku. Kivuko kilichofutika ni kibaya kuliko kukosa kivuko, kwani humpa mtoto amani ambayo dereva hana habari nayo. Na kilicho kikubwa zaidi, barabara nzuri si lazima iwe barabara salama. Njia ya udongo yenye mashimo ilikuwa ikiushika mwendo yenyewe. Siku ilipotiwa lami, kijiji kilipata neema ya usafiri, na siku hiyohiyo kikapoteza ulinzi wake wa zamani bila ya kupewa mwengine.

NINI KIFANYIKE KATIKA VISIWA HIVI

Kutokana na mifano hiyo, jibu la swali lililoulizwa mwanzoni si kuchagua kimoja na kukitupa cha pili. Ni kujua kila kimoja kina zamu yake. Mahali ambapo gari na mtu wa miguu hukutana, umbo la barabara litangulie, na sheria ilinde. Katika yale yaliyomo ndani ya dereva na ndani ya chombo chake, yaani ulevi, mkanda, kofia, leseni, breki na upakiaji, sheria itangulie.

Iko sababu nyengine ya kulitanguliza umbo la barabara hapa. Jeshi la Polisi limo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, wakati ujenzi wa barabara haumo. Mwenye kupanga barabara za Zanzibar, kuzikagua na kuzilipia ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na mabaraza ya miji na halmashauri zake. Ushirikiano na Polisi ni wa lazima na hauna badala. Lakini kalamu inayochora barabara imo mikononi mwa watumishi wa hapa hapa, na kalamu hiyo haingojei ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo yafaa yafuatayo yazingatiwe:

(a) Kila mradi wa kutia lami uhesabu ndani ya gharama zake njia za miguu, vivuko na vizuizi vya mwendo mbele ya skuli, misikiti, vyuo, masoko na vituo vya afya. Yakiachwa yaje baadaye, mara nyingi hayaji.

(b) Mchoro wa barabara ukaguliwe kwa jicho la usalama kabla ya mkandarasi kuingia kazini, na mkaguzi asiwe yule yule aliyeuchora.

(c) Masheha waweke daftari la ajali za shehia zao: mahali, saa, namna ilivyotokea na vyombo vilivyohusika. Mara nyingi ajali hujikusanya mahali pachache. Sheha na wazee wa kijiji huzijua kona hizo kabla ya mhandisi. Kinachokosekana ni maandishi ya kumfikia mwenye fedha.

(d) Matuta yajengwe kwa kipimo kimoja, yapakwe rangi na yatangulizwe alama. Wananchi wasijijengee matuta yao usiku kwa hasira ya msiba. Waandike, na wanaoandikiwa wajibu.

(e) Doria za askari zielekezwe katika mahali na nyakati ambazo daftari linaonesha hatari, na faini zilipwe kwa namna inayoacha kumbukumbu, pesa taslimu zisipite mkono kwa mkono.

(f) Mipaka ya mwendo iandikwe kwa namna inayolingana na umbo la barabara. Ikiwa kibao kinasema 30, na barabara nayo iseme 30.

Watasema baadhi ya watu kwamba fedha hazipo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Rangi, matuta na vijia vya miguu ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kilomita moja ya lami. Na upo upande wa pili wa hesabu: kitanda cha majeruhi wa mifupa kinachokaliwa kwa wiki nyingi, baba aliyekuwa akivua na sasa havui, mtoto aliyeacha skuli kumwangalia mama aliyelemaa. Gharama hizo hazionekani katika makadirio ya wizara yoyote, kwa sababu hulipwa kimya kimya majumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watasema wengine kwamba kupunguza mwendo kutarejesha nyuma shughuli za uchumi. Hesabu yake ni nyepesi. Kisiwa cha Unguja kina urefu upatao kilomita 85, na Pemba ni kifupi zaidi. Safari ya kilomita 30 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua dakika 22 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 50 huchukua dakika 36. Tofauti haifiki dakika 14, na hiyo ni kama dereva aliweza kushika kilomita 80 njia nzima bila ya kusimama. Hapana biashara inayofilisika kwa dakika 14.

Mwisho, mwananchi naye ana sehemu yake. Abiria aliyelipa nauli ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na utingo hana haki ya kumkemea kwa hilo. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba vibandiko vilivyowekwa ndani ya matatu, vikiwahimiza abiria wapaze sauti, vilipunguza madai ya bima kwa nusu na zaidi. Mzazi naye asimpe kijana asiye na leseni ufunguo wa chombo, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ndugu wananchi, askari ataondoka zamu yake jioni. Barabara itabaki pale pale usiku kucha, ikilinda au ikiua kwa namna ilivyojengwa. Mwenye kuijenga anajua leo yale ambayo waliotangulia hawakuyajua, na kwa hiyo dhima yake ni kubwa zaidi. Barabara zinazochorwa mwaka huu zitatumiwa na watoto ambao bado hawajaanza skuli. Waikute njia inayowalinda.